Picha ya Mapafu: Bei Moja, Dozi Mbili

Mgonjwa mwenye nimonia ya virusi, iwe ya Uviko-19 au ya mafua makali, akifika kaunta ya malipo huuliza mambo mawili: ni shilingi ngapi, na je, bima inapokelewa? Dozi ya mionzi haimo kwenye orodha ya bei, na mtu haiulizi. Angeuliza, angeona kwamba baina ya picha moja ya mapafu na nyingine, dozi hutofautiana kuliko hata bei.

Dozi hiyo hupimwa kwa milisiveti. Eksirei ya kifua hutoa takriban milisiveti 0.1, mara nyingi pungufu ya hapo. Siti skani ya kawaida ya kifua hutoa kama 5 hadi 7. Bila kukanyaga hospitali, binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. Kwa hiyo skani moja ni mionzi ya asili ya miaka miwili hadi mitatu, tena kwa sekunde chache. Kwa mtu mzima, hatari ya saratani kutokana na skani moja ni ndogo sana, na anayeihitaji asiikimbie. Tatizo ni kurudia: ya kwanza ya kuthibitisha, ya pili ya kufuatilia, ya tatu kwa sababu hospitali ya rufaa inataka yake. Kwa mtoto jambo hili huwa zito zaidi, maana mwili wake unaathirika upesi na miaka aliyobakiwa nayo ni mingi.

Kuna chaguo ambalo wagonjwa wengi hawalijui, nalo ni siti skani ya dozi ndogo. Mashine ni ileile, kitanda kilekile. Mtaalamu wa mionzi hupunguza tu nguvu ya umeme inayozalisha mionzi. Picha hutoka na chenga kidogo, kisha kompyuta huzisafisha. Kwenye ini au kongosho chenga hizo zingeweza kuficha ugonjwa, lakini mapafu yamejaa hewa, na hewa kwenye skani ni nyeusi. Ule ukungu mweupe wa maambukizi ya virusi huonekana juu yake bila taabu. Dozi hushuka hadi milisiveti 1 au 1.5, na kwenye mashine mpya zenye kichujio cha bati hushuka zaidi. Kwa kuwa huu ni mpangilio wa mashine tu, kwa kawaida hakuna cha kuongeza kwenye malipo. Inabidi tu uombe kabla hujalala kitandani, na daktari aandike kwenye fomu kwamba anatafuta nimonia.

Kama umepewa kweli, utajua. Skani ikiisha, mashine hutoa ukurasa wa dozi. Tafuta herufi DLP, chukua namba yake, zidisha kwa 0.014: hayo ndiyo makadirio ya milisiveti kwa kifua cha mtu mzima. DLP ya 450 ni milisiveti 6.3. DLP ya 90 ni kama 1.3.

Lakini skani ya bei nafuu kuliko zote ni ile isiyohitajika. Mazoea ya kukimbilia siti skani yalipata nguvu Februari 2020, mkoa wa Hubei nchini China ulipoanza kuhesabu wagonjwa kwa picha za mapafu kwa sababu vipimo vya maabara vilizidiwa. Mwezi uliofuata Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilisema skani isitumike kama kipimo cha kwanza cha Uviko. Mgonjwa mwenye dalili nyepesi, ambaye kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni ya kutosha, kipimo cha puani kinamtosha. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94, asikae nyumbani.

Katikati ya kutopigwa picha na siti skani kuna eksirei na altrasaundi. Eksirei ni rahisi na iko karibu kila wilaya, ila siku za mwanzo inaweza kuonyesha mapafu safi ilhali ugonjwa umeshaingia. Altrasaundi haina mionzi kabisa, na virusi vya Uviko hupenda kingo za mapafu, mahali inapoona vizuri; kilichojificha katikati haikioni, na ubora wake ni mkono wa anayeishika. Kwa mjamzito na mtoto, ningeiulizia hiyo kwanza.

Usibane dozi pale daktari anaposhuku damu imeganda kwenye mishipa ya mapafu. Hapo skani huhitaji dawa ya mshipani, na kwa kawaida kreatinini hupimwa kwanza kuona kama figo zitaihimili. Gharama hupanda kweli. Unachoweza kuuliza ni kama kuna sababu ya kupigwa mara mbili, bila dawa na kwa dawa, maana hapo dozi hukaribia maradufu.

Ukimaliza, dai CD yenye picha zenyewe pamoja na ule ukurasa wa dozi. Ripoti ya karatasi peke yake hospitali nyingine huikataa, na utalipishwa skani upya.