Msimu wa mbuzi kuzaa huanza Januari

Hapa Kindu, ukipita mtaa wa Mikelenge au ukivuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, jioni utakuta mbuzi wanarudi nyumbani wenyewe, majike kwa mabeberu, wakubwa kwa wadogo. Ufugaji huo haumgharimu mtu kitu. Lakini ukitaka mbuzi wako akupe na maziwa, kamba ya kwanza ya kununua ni ya beberu.

Kule Ulaya mbuzi jike huingia joto siku zinapoanza kufupika, kwa hiyo wengi huzaa wakati mmoja, baridi ikielekea kuisha. Kindu haifiki digrii tatu kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki sana, na mbuzi wetu huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, mwaka mzima. Beberu akizurura, vitoto vitazaliwa Julai, na vingine vitazaliwa Novemba usiku wa mvua kubwa. Huku kwetu msimu wa kuzaa hauji wenyewe. Mfugaji ndiye anayeutengeneza.

Hesabu yake ni nyepesi. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150, zikipungua au kuzidi chache. Jike aliyepandwa tarehe 10 Januari atazaa karibu na tarehe 9 Juni, wakati mvua zimepungua mkoani kwetu Maniema na matandiko ya banda yanakauka. Mtenge beberu mbali na majike mwezi mzima wa Desemba, wasimwone wala wasisikie harufu yake. Ukimrudisha mwanzoni mwa Januari, ujio wake wa ghafla utawaamsha wengi waingie joto karibu pamoja. Mwache nao wiki sita, kisha mtoe. Asiye na banda la pili aige Wamaasai: wao humfunga beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo, akala malishoni na wenzake bila kuweza kupanda. Wenye mabeberu mtaani wakikubaliana, kazi inakuwa nyepesi zaidi, maana beberu wa jirani haheshimu kalenda yako.

Kabla ya kumrudisha beberu, mwite mganga wa mifugo awachanje majike dhidi ya sotoka ya mbuzi. Mwaka 2012 ugonjwa huu uliua makumi ya maelfu ya mbuzi nchini Kongo. Chanjo moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi, na mama aliyechanjwa hukirithisha kitoto kinga ya miezi ya kwanza kwa njia ya dang'a, yaani maziwa ya mwanzo. Dawa ya minyoo nayo itolewe kabla ya kupandisha. Albendazoli isitumike mwezi wa kwanza wa mimba, kwa sababu inaweza kukilemaza kitoto tumboni.

Wiki sita za mwisho ndizo zinazoamua. Sehemu kubwa ya mwili wa kitoto hujengwa wakati huo, na kiwele huanza kujiandaa. Kama bado unamkamua mama, acha miezi miwili kabla ya kuzaa. Chakula tunacho: pumba za mpunga, mashudu ya chikichi, majani ya karanga na ya viazi vitamu. Majani ya muhogo yaanikwe kwanza juani hadi yanyauke vizuri, maana yakiwa mabichi yana sumu. Tumbo lililojaa mimba, hasa ya mapacha, halina nafasi ya chakula kingi kwa mara moja, kwa hiyo mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Akigoma kula na kuyumba katika siku hizo, mnyweshe maji ya sukari taratibu na umtafute mganga siku hiyo hiyo.

Banda la mwinuko linafaa sana Kindu, ila nafasi kati ya mbao isizidi sentimita moja na nusu, kwato za kitoto zisizame. Anayekaribia kuzaa atengewe kona na kutandikiwa nyasi kavu. Utamjua kwa kiwele kilichojaa, mishipa ya pembeni mwa mkia iliyolegea, na kutotulia. Kwa kawaida hutangulia kwato mbili za mbele, na pua imelala juu yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kuonekana, anahitaji msaada. Kondo la nyuma lishikwe kwa glavu au mfuko wa plastiki na kufukiwa; mama mjamzito asiliguse kabisa.

Kitoto cha mbuzi wetu huzaliwa na kilo moja na nusu hivi, na mwili mdogo ulioloa hupoteza joto upesi. Kipanguse, chovya kitovu katika ayodini, kisha kiwekee kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, kipashe joto kwanza ndipo kinyonye. Dang'a ya kwanza iingie ndani ya saa moja au mbili, na katika siku ya kwanza kitoto hicho kipate mililita 150 hivi. Baada ya saa 24 utumbo wake haupitishi tena kinga ya mama.

Wengi huuliza kuhusu mbuzi wa kizungu. Mwaka 1988 mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walipelekwa Mgeta, Morogoro, nchini Tanzania, nao wakafanikiwa. Lakini Mgeta ni milima ya baridi. Kindu ni bonde lenye joto, unyevu na mbung'o. Mbuzi wetu mdogo amezoea hali hii. Kitoto kikitimiza wiki mbili au tatu, kitenge na mama usiku, asubuhi kamua chuchu moja na kukiachia ya pili. Utapata kikombe, labda viwili, na vinamtosha mtoto mdogo wa nyumbani. Yachemshe maziwa hayo kila mara, kwani homa ya Malta hupitia humo.

Vitoto dume vitengwe vikifika miezi mitatu, kabla havijaanza kuwapanda mama na dada zao na kuivuruga hesabu ya Januari inayofuata.