Mbwa Mkali kwa Mwizi, Mpole kwa Mtoto

Swali ni lile lile, na huulizwa na watu wazima wenye elimu zao na akili zao timamu, waume kwa wake, kwa maneno yanayofanana kana kwamba wote wamesomeshwa na mwalimu mmoja: "Daktari, nataka mbwa wa mbegu iliyo kali kwa wezi na pole kwa watoto, ninunue yupi?" Nimepata kulijibu kwa upole, nimepata kulijibu kwa mzaha, na leo naomba idhini ya kulijibu kwa maandishi na kwa ukali kidogo, kwa sababu gharama ya jibu baya hailipwi na muulizaji wala na muuza mbwa, bali aghalabu hulipwa na mtoto wa miaka minne au mitano, ambaye kimo chake kimeuweka uso wake sawasawa na kinywa cha mnyama.

Ila ya swali hili si uchache wa maarifa ya mbegu, maana wapo waulizaji wanaonitajia Rottweiler, Doberman na Boerboel kwa nasaba na uzito kuliko niwezavyo kuwatajia mimi. Ila yake ni kudhani kwamba yuko mnyama aliyezaliwa na elimu ya kupambanua nia za wanadamu. Anachopambanua mbwa ni huyu ninayemjua na yule nisiyemjua, huyu atembeaye taratibu na yule aendaye mbio, huyu aingiaye kwa lango na yule arukaye ukuta. Na kwa hesabu hiyo mtoto wa jirani anayerukia uani kwenu jioni kufuata mpira wake ana dalili zote za mwizi, ilhali kijana wa bustani aliyemlisha mbwa wenu miaka miwili, siku atakapoamua kuondoka na televisheni yenu, atasindikizwa hadi barabarani kwa mkia unaochezeshwa.

Lakini lililonitia kalamu mkononi ni dawa inayofuata baada ya swali. Mnunuzi akishapata kilebu wa mbegu aliyozisikia sifa zake, na kilebu huyo akawa, kama walivyo vilebu wote, mchezaji, mlamba miguu na mpenda kila apitaye, hofu humwingia mwenye mali kwamba amepunjwa, naye huanza kumtia mbwa ukali kwa njia ambazo watu wamezirithi pasipo kuzihoji: humfungia mchana kutwa ndani ya banda la mbao lililozibwa nyufa zake kwa magunia, ili asione mwanga wala watu, na chakula chake hutiwa pilipili kichaa iliyotwangwa, na katika nyumba nyingine hutiwa baruti, au nyigu waliokaushwa, au bangi. Nimeyasikia haya kutoka kwa walinzi na nimeyasikia kutoka kwa wahasibu, wala sikuona tofauti ya itikadi baina yao.

Tuanze na pilipili. Kitu kinachowasha ndani yake ni kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hushika ncha za neva zile zile ambazo kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba mwili unaungua. Moto haupo, lakini habari ya moto hupelekwa. Ndege hawaipati habari hiyo, ndiyo maana hula pilipili na kuzisambaza mbegu zake pasipo taabu. Mbwa ni mnyama anyonyeshaye kama sisi, naye huungua kama sisi, bila ya kuwa na hiari tuliyo nayo ya kuisukuma sahani na kudai nyingine. Athari yake ni kinywa kinachochuruzika mate, tumbo linalosokota, kutapika na kuharisha. Na hakuna njia, narudia, hakuna njia ya kemikali hiyo kutoka tumboni kwenda kumfundisha mbwa mapenzi kwa bwana wake na uadui kwa mwizi. Linalofundishwa ni jambo jingine kabisa. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula, alidhihirisha kwa mbwa wa maabara yake kwamba mnyama huyu huyafungamanisha yale yatanguliayo tukio na tukio lenyewe, hata hutokwa na mate kwa kupata ishara tu ya chakula kabla hajakiona. Basi mbwa aunguaye kila alapo atayafungamanisha maumivu yake na nini, kama si sahani, na mlango wa banda unaofunguliwa, na mkono unaoleta? Na mkono huo, katika nyumba nyingi nizijuazo, si wa baba mwenye kuamuru pilipili, ambaye saa hiyo yuko kazini. Ni wa msichana wa kazi, au ni wa mtoto.

Baruti haihitaji maneno mengi: ni shura, salfa na mkaa, na ukali wake haudhihiriki ila kwa cheche, jambo ambalo sitazamii mtu alijaribu tumboni mwa mbwa. Bangi humpumbaza mbwa na kumtia kiwewe, na mlinzi asiyeweza kusimama wima sijui anamlinda nani. Nyigu waliokaushwa nawaachia wenye kuamini nyigu.

Kifungo ndicho chenye madhara makubwa kuliko yote, na ndicho kinachoaminiwa zaidi, kwa kuwa hicho, tofauti na pilipili, huleta matokeo yanayoonekana. Mbwa aliyefungiwa gizani tangu utoto wake kweli hutoka akinguruma, na mwenyewe hufurahi. Lakini kinachonguruma ni hofu. Mwaka 1961 wataalamu watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitangaza jaribio ambalo ndani yake vilebu walilelewa na mama zao katika uwanja mpana uliozungushiwa ua, wengine wakipewa nafasi ya kuzoeana na watu katika majuma mbalimbali ya umri wao, na kundi moja likiachwa bila ya kuzoeshwa hadi lilipotimiza majuma 14. Kundi hilo la mwisho lilikuwa kama hayawani wa mwitu, halikukubali kusogelewa. Scott na Fuller, waliofanya kazi ya miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine na kuichapisha kitabuni mwaka 1965, waliuainisha muda huo vizuri zaidi: tangu juma la tatu hadi karibu la 12, ubongo wa kilebu uko wazi kupokea kwamba hivi ndivyo ulimwengu ulivyo na hawa ndio jamaa zangu, baada ya hapo mlango huanza kufungwa, na kila kigeni, iwe sauti, iwe kimo, iwe mwendo, hupokewa kwanza kama hatari.

Sasa hesabu mwenyewe. Kilebu huuzwa katika juma la nane, naye hutiwa bandani siku hiyo hiyo. Majuma yaliyosalia kwake ya kujifunza kwamba mtoto ni kiumbe mdogo, mwenye kelele, mwenye kukimbia ovyo, mwenye kuanguka na kulia, na kwamba hayo yote si shari, huyapitisha gizani, akivisikia vishindo vya watoto nje ya mbao na pengine fimbo zao zikipenyezwa katika nyufa. Atakapofunguliwa usiku mmoja lango likiwa wazi, hatamtafuta mwizi. Na mwizi mwenyewe, maadamu ni mwizi mwenye ujuzi wa kazi yake, anajua kuwa mbwa aliyeshinda na njaa bandani hula kwanza kipande cha nyama kilichorushwa juu ya ukuta, ndipo akumbuke kubweka, ikiwa sumu itampa wasaa. Mbwa hulinda nyumba kwa kuwaamsha wenye nyumba, na kwa kazi hiyo kila mbwa aliyeshiba, aliyezoeana na jamaa zake na asiyemjua mgeni, anatosha. Hata mbwa koko wa kimo cha goti anaijua bila ya kufundishwa na mtu.

Nirudi kwenye mbegu, maana najua wapo wanaosubiri jina. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa uchunguzi wa tabia za mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, ambao zaidi ya 2,000 miongoni mwao walipimwa nasaba zao katika maabara; ikaonekana kwamba umbo la mwili, rangi na manyoya hufuata mbegu barabara, lakini kwa habari ya tabia, mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti zilizopo baina ya mbwa na mbwa. Asilimia 9 si sifuri, na mwenye kukwambia kwamba mbegu si kitu naye amezidisha: mbwa waliozalishwa kuchunga kondoo hukimbilia visigino, na waliozalishwa kuokota ndege waliopigwa risasi hupenda kubeba vitu kinywani. Walakini yule mmoja aliye mbele yako, mwenye mama aliyeogopa au mama aliyetulia, mwenye mwezi wa pili na wa tatu aliouishi jikoni au gizani, hawezi kusomwa kwa jina lake. Kumchagua mwenzi wa watoto kwa mbegu peke yake ni sawa na kumchagua mwalimu wa chuoni kwa kutazama kilemba. Fauka ya hayo, wengi wa wale vilebu wauzwao kando ya barabara kama wachungaji wa Kijerumani halisi hawana cha Kijerumani ila masikio, na hati ya nasaba yao ni kiapo cha muuzaji.

Neno moja kwa ndugu zangu Waislamu wa mwambao, ambao katika madhehebu ya Imamu Shafii wana hukumu zao zijulikanazo juu ya mate ya mbwa na kukiosha chombo mara saba, moja kwa udongo, na ambao hunieleza kwamba mbwa wao ni wa ulinzi, wa uani, hivyo mambo ya kuzoeshwa hayawahusu. Sina kauli katika hukumu. Hiyo ni kazi ya masheikh. Lakini kuzoeshwa hakulazimu kuguswa: kilebu afungwe mnyororo mrefu mahali pa kivuli awaonapo watoto wakicheza kwa mbali, azisikie sauti zao, aone wageni wakiingia na kutoka kwa amani, na chakula chake kiwekwe na mtu mzima mmoja kwa adabu. Mbwa wa uani asiyewajua watoto wa nyumba ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Haya, majina, na nitakwenda upesi kwa kuwa nafasi niliyopewa inakwisha. Labrador aghalabu ni mpole, lakini hula kupita kiasi, hunenepa, na uzito wake wa kilo 30 humwangusha mtoto anayejifunza kutembea. Mchungaji wa Kijerumani hufundishika vizuri akiwa na bwana mwenye wakati. Watazame wazazi wake wanavyotembea, maana viungo vya nyonga ni udhaifu wa ukoo wake. Boerboel na Rottweiler si mbwa wa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza. Chihuahua hapati kilo tatu, mtoto akimwangusha mfupa huvunjika, naye hujitetea kwa meno. Bulldog na pug, wenye pua fupi, hupata shida ya pumzi katika joto la Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa mbwa hujipoza kwa kuhema. Na anayetaka mbwa wa theluji huko huko namwomba asiniletee. Basenji wa Kongo ni msafi na mwepesi, ila habweki kama mbwa wengine. Ridgeback wa kusini mwa Afrika huvumilia jua, lakini nguvu zake zataka mkono wa mtu mzima. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20, aliyelelewa ndani ya nyumba yenye watoto na mama mtulivu umemwona kwa macho yako, ndiye ninayempendekeza kwa nyumba nyingi. Na ikiwa mtoto wenu hajafika miaka sita, afadhali mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu mwenye tabia inayojulikana kuliko kilebu yeyote. Usimchukue kabla ya juma la nane. Dawa ya minyoo apewe mara kwa mara tangu akinyonya, kwa sababu minyoo hiyo humwingia mtoto achezaye mchangani na yaweza kumwathiri macho. Chanjo za distempa na pavo zianze juma la sita au la nane. Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na asipotakiwa kuzaa, ahasiwe. Mtoto asimsogelee mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, wala wawili hao wasiachwe peke yao, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko.

Na mbwa akiuma, awe wenu au wa jirani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15 kamili, si pilipili, si majivu, si mafuta ya taa, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na sindano zote atakazoandikiwa zimalizwe, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika kila watu kumi waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa mwenyewe asipigwe mawe mpaka afe, kama ilivyo desturi ya mitaani. Afungwe mahali pa salama, apewe maji na chakula kisicho na pilipili, daktari wa mifugo wa wilaya aarifiwe, na aangaliwe siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku ile aliyouma, na daktari wa hospitali aelezwe hivyo. Na ikiwa watu wamekwisha kumwua, kichwa kisitupwe wala kisichomwe. Na asikiguse mtu kwa mikono mitupu kabla hatujafika kukichukua.