Msokoto wa Mtutu na Urefu wa Risasi

Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa kuna mifuo iliyochongwa kwa kujisokota. Mifuo hiyo huizungusha risasi ili iruke ncha yake ikiwa mbele. Umbali inaopita risasi mtutuni mpaka itimize mzunguko mmoja ndio kipimo cha msokoto: umbali mfupi, msokoto mkali, umbali mrefu, msokoto mlegevu. Mara nyingi husemwa kuwa risasi nzito hutaka msokoto mkali. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si wote, na bunduki za karne ya 19 huko Unguja zinaonyesha upungufu wake.

Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, bunduki zilizoshushwa Unguja na kupelekwa bara pamoja na misafara ya pembe zilikuwa magobori yenye mtutu laini. Gobori hupiga gololi, na gololi haina ncha wala mkia wa kupinduka, hivyo haihitaji mfuo hata mmoja, ingawa haifiki mbali wala haina shabaha ya kutegemewa. Tofauti hiyo iliingia hata katika sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha za mifuo zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, ila ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini.

Mwaka 1877 Sultani Barghash alimkabidhi Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, kazi ya kuunda jeshi la kisasa, na askari wake wakapewa bunduki za Snider. Risasi ya Snider ilikuwa nene, ya milimita 14.5 hivi, na uzito wa gramu 31. Katika Snider yenye mtutu mrefu, risasi ilitimiza mzunguko mmoja katika karibu mita 2. Wakati huo Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuingia kwenye Martini-Henry, ambayo risasi yake nayo ni gramu 31. Uzito ni ule ule, lakini mzunguko wa Martini-Henry ni sentimita 56 tu! Risasi yake ilikondeshwa hadi milimita 11.4, na kitu kikikondeshwa bila kupunguzwa uzito hakina budi kurefuka. Kisha ikaja Lee-Metford ya 1888, yenye risasi ya gramu 14. Kwa hesabu ya uzito ingetosheka na msokoto mlegevu zaidi. Kumbe ilihitaji sentimita 25.

Kinachoamua, basi, ni urefu ukilinganishwa na unene. Hewa huisukuma ncha na kutaka kuipindua, na risasi ndefu hupinduka upesi isipozungushwa kwa kasi, kama pia ya mtoto inayoyumba ikipungua mwendo. Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hisabati wa Woolwich, alitoa kanuni inayotumika hadi leo kwa makadirio: kipenyo zidisha kwa kipenyo, zidisha kwa 150, gawanya kwa urefu. Risasi ya Martini-Henry, yenye urefu wa milimita 32 hivi, inatoa sentimita 61. Waundaji waliweka 56, wakabaki na akiba kidogo, na walifanya vyema.

Uzito huwa kipimo kizuri pale tu kipenyo, umbo na madini vikiwa vilevile. Risasi ya shaba tupu ni ndefu kuliko ya madini ya risasi yenye uzito huo huo, hivyo hutaka msokoto mkali zaidi.

Msokoto ukilegea mno, risasi hufika ubavu, na karatasi ya shabaha huonyesha tundu refu badala ya la duara. Ukizidi ukali madhara huwa madogo, ila risasi yenye ganda jembamba inaweza kupasuka hewani.

Kuupima si kazi. Hakikisha bunduki haina risasi, funga kitambaa kinachobana kwenye ufito wa kusafishia unaozunguka wenyewe, tia alama juu ya ufito, kisha usukume taratibu. Alama ikirudi juu, umbali uliosukumwa ndio msokoto wa mtutu huo.