UMEKULA, MAMA?

Wote tunakimbilia kumwona mtoto. Anayemwangalia mama ni nani? Nimerudi kutoka Kibondo na swali moja dogo ambalo kila mwenye rafiki, dada au mke aliyejifungua anapaswa kujifunza kuliuliza.

Mpenzi msomaji, hebu jiulize. Mara ya mwisho ulipokwenda kumtazama mzazi, ukishatoa hongera zako, neno gani lilifuata? Sisi wa mjini tunajijua. "Umejifungua kawaida au kwa kisu?" "Ana kilo ngapi?" "Maziwa yanatoka?" "Mbona mdogo hivi?" Halafu lile la chini chini tunaposhuka ngazi: "Eti, baba yake amekuja?" Yaani tunaingia na pakiti ya nepi mkononi, tunatoka na umbea wa wiki nzima.

Mume wangu kwao ni Kibondo, kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma, kule ambako ukivuka mpaka uko Burundi. Mama mkwe wangu ni mkulima wa maharage na muhogo, na ana utaratibu wake. Akiingia kwa mzazi hamgusi mtoto. Anamsalimia mama, anakaa, anauliza: "Umekula?" Akijibiwa ndiyo, anauliza umekula nini. Akijibiwa hapana, maongezi yanaishia hapo na yeye anaelekea jikoni. Mtoto atabebwa baadaye, kwani anakwenda wapi?

Sio yeye peke yake. Ng'ambo ya mpaka, Warundi wana neno lao, guhemba, yaani kumwendea aliyejifungua na chakula na vinywaji ili apate nguvu. Kilimanjaro mzazi anapikiwa mtori, Pwani anatunzwa mpaka arobaini. Bibi zetu hawakusoma saikolojia, lakini walijua mwanamke aliyetoka kujifungua ni mtu wa kulishwa kwanza. Maswali baadaye.

MWAKA ULE WA 1993

Huko Kibondo swali hili limepimwa kwenye moto kweli kweli. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, nchi ikawaka, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Wengi walimiminika Kigoma. Zikaja kambi ambazo majina yake wenyeji wanayakumbuka mpaka leo: Nduta, Kanembwa, Mtendeli, Karago, Mkugwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania nzima ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni.

Kabla ya kambi kulikuwa na njia. Wanawake walitembea na mimba za miezi minane, wengine walijifungulia porini. Mama mkwe anamkumbuka mmoja aliyefika kijijini na kichanga cha siku chache, miguu imevimba, kanga moja. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, wakaelewana bila mkalimani. Yule dada alipewa uji, akala, akalala, akaamka, akanyonyesha. Jina lake mama mkwe alilijua siku ya pili. Kama alikuwa Mhutu au Mtutsi, jambo ambalo kule alikotoka lilikuwa la kufa na kupona, hakuuliza mpaka yule dada anaondoka.

"Ungeuliza, ungefanya nini na jibu?" alinijibu siku nilipomdodosa. Nilikosa la kusema.

Nisikudanganye lakini, si kila kitu kilikuwa asali. Wenyeji walilalamikia misitu iliyokwisha kwa kuni na mazao yaliyoibwa mashambani. Wako kina mama wa Kibondo waliouliza kwa nini misaada ipite mlangoni kwao ielekee kambini ilhali wao pia watoto wao wana njaa. Swali la haki kabisa. Mama mkwe mwenyewe alikuwa analalamikia kuni asubuhi, na mchana anampelekea mtu uji. Hapo ndipo nilipomwelewa. Kumhurumia mtu hakudai ukubaliane na kila kitu kinachomhusu. Unaweza kuwa na manung'uniko yako moyoni na bado ukachukua sufuria.

NJAA YA ANAYENYONYESHA

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, safari hii kwa sababu ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Nduta, iliyokuwa imefungwa kwa miaka kadhaa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na baadaye ikawa na watu zaidi ya 100,000. Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba kwa kukosa fedha limepunguza mgao wa wakimbizi hadi asilimia 62 ya kilokalori 2,100 ambazo mtu anahitaji kwa siku. Wajawazito na wanaonyonyesha waliendelea kupewa chakula cha nyongeza. Lakini wewe mama unayesoma hapa, niambie ukweli: ukiwa na watoto wengine watatu wanaokutazama, hicho cha nyongeza utakila peke yako?

Na njaa haikuwa mzigo pekee. Mwaka 2000 Human Rights Watch ilitoa ripoti nzima kuhusu ukatili wa kingono na vipigo vya majumbani katika kambi za wakimbizi nchini Tanzania. Mwanamke amekimbia bunduki, amevuka mpaka, halafu ngumi anaikuta ndani ya hema lake mwenyewe. Ukimwona kesho yake amenuna na mtoto analia mgongoni, ni rahisi sana kusema "huyu mama ana roho mbaya".

Hapa mjini je? Hakuna mahema, lakini hukumu zipo tele. Dada kwenye daladala ambaye mtoto wake halii, anapiga kelele: kila mtu ni daktari. Mfanyakazi mwenzako aliyerudi kutoka likizo ya uzazi na anasinzia kwenye kikao: "Siku hizi amekuwa mvivu." Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake, yaani mmoja kati ya watano, hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Mmoja kati ya watano! Huyo "mvivu" huenda anaamka saa tisa usiku na kulia bila kujua analilia nini, na asubuhi anapaka lipstiki anakuja kazini.

KINA KAKA, MSIKIMBIE

Mnadhani haya ni mambo ya wanawake, eti? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa uchungu. Kwingi wodi zetu hazina faragha, wanawake wanalala kitanda kwa kitanda, hivyo mwanaume kuingia ni shughuli. Sawa, lakini mlango wa wodi sio mwisho wa kazi yako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba imempa angalau siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Tatu tu, najua, hazitoshi hata kujifunza kubadilisha nepi. Ila uliza ofisini kwako ni wangapi wamezichukua, na waliozichukua walikuwa jikoni au baa wakipongezwa.

Na tukumbuke, sheria hiyo inamlinda aliyeajiriwa. Mama wa Kibondo anayelima shamba lake, au mama ntilie wa mtaani kwako, hana wa kumsainia likizo. Likizo yake ni majirani.

UKIENDA KUMTAZAMA MZAZI

• Beba chakula kilichoiva. Mchele mbichi ni zawadi nzuri, lakini nani ataupika?

• Mwangalie mama kabla ya mtoto. Muulize amekula, amelala, amepata muda wa kuoga.

• Swali la kisu au kawaida mwachie yeye. Akitaka kusimulia, atasimulia.

• Fua, osha vyombo, mpeleke mtoto mkubwa shule. Kisha ondoka mapema.

• Ukiona wiki zinapita na bado analia kila siku, hali, au anasema maneno ya kukata tamaa, usimwambie "jikaze". Msindikize kliniki. Sonona inatibika.

• Ukisikia anapigwa, usiulize alifanya nini. Muulize wewe ufanye nini.

Wapo watakaosema huko ni kudekezana. Mimi nasema mtu mzima aliyeshiba na kulala saa nne anaweza kulea, anaweza kupenda, anaweza hata kumsamehe mume aliyesahau kununua gesi. Mwenye njaa anaweza kuvumilia tu.

Mwezi huu lazima kuna mtu unayemfahamu aliyejifungua. Ujumbe wa simu wenye maua na mioyo umeshamtumia, hongera. Sasa bandika sufuria jikoni, funga chakula kwenye hotpoti, umpelekee. Habari nyingine zote zitangoja.