DISKI IMEKUFA AU WAYA UMELEGEA?

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii niliielewa barabara siku tarakilishi ya chama chetu ilipokataa kuwaka. Makala yote ya jarida hili yalikuwa humo, na nakala nyingine hatukuwa nayo! Kiwambo kilikuwa cheusi tititi, isipokuwa maandishi meupe yaliyosema hakuna diski ya kuwashia. Mwenzetu mmoja akasema, "Hiyo imekwisha bwana, tuifute tuweke mfumo mpya." Lau tungemsikiliza, leo hungekuwa na cha kusoma.

Je, tarakilishi huwakaje? Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iitwayo Bayosi, iliyomo katika ubao mama, ndiyo huamka kwanza. Hukagua kumbukumbu na kibodi, kisha hutafuta diski yenye mfumo wa uendeshaji kwa kufuata orodha iliyowekewa. Isipoiona, hulalamika. Basi malalamiko hayo si tanzia ya diski. Huenda ni njia tu iliyokatika.

Ukiwa na ruhusa ya mwalimu, fuata hatua hizi:

1. Chomoa flashi yoyote. Pengine Bayosi inaanza na hiyo, na ndani hamna mfumo.

2. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiharibu kitu.

3. Fungua kasha. Diski ya Sata, aina iliyoanza mwaka wa 2003, ina nyaya mbili. Mwembamba, wenye miguso 7, hupitisha data hadi kwenye ubao mama. Mpana, wenye miguso 15, huleta umeme. Chomoa zote mbili, uzirudishe hadi zikae imara. Tundu lina umbo la herufi L, kwa hivyo usilazimishe.

4. Washa, ukibonyeza F2 au Delete kulingana na mashine, uingie katika Bayosi. Diski ikionekana, iweke ya kwanza katika orodha. Isipoonekana, zima, kisha jaribu waya mwingine au tundu jingine.

5. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye ubao mama imeisha, na huenda mipangilio ya Bayosi imepotea nayo. Ibadilishe.

6. Ukisikia diski ikigonga ta! ta! ta!, zima mara moja. Hapo inaumwa kweli. Mpelekee fundi anakili yaliyomo kabla ya jambo lingine lolote.

Yetu je? Jamani, ulikuwa waya wa data tu! Ulilegea meza iliposogezwa siku ya usafi. Tuliusukuma, mashine ikawaka, na makala yote tukayakuta salama salimini. Jioni hiyo hiyo tuliyanakili katika flashi mbili. Ewe msomaji, kabla hujafuta chochote, kagua waya. Kuteleza si kuanguka.