Nyumba ikaguliwe mchwa mara ngapi kwa mwaka?

WENYE nyumba wengi humwita fundi pale mwimo wa mlango unapobonyea kwa kidole. Kufikia hapo, mchwa huwa wamekaa ndani ya mbao kwa miezi, pengine miaka, wakila kutoka katikati na kuacha utando mwembamba tu wa nje pamoja na rangi yake.

Ndiyo sababu wataalamu wa wadudu waharibifu hupendekeza nyumba ikaguliwe angalau mara moja kila mwaka, hata pasipo dalili yoyote. Nyumba iliyowahi kushambuliwa, iliyo karibu na kichuguu au iliyojengwa kwa mbao zisizotiwa dawa, ni afadhali ikaguliwe kila baada ya miezi sita.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa iliyomwagwa wakati wa kujenga msingi yatosha milele. Dai hilo lilikuwa na ukweli kiasi enzi za dieldrin, sumu iliyodumu ardhini kwa miaka mingi mno. Hata hivyo, dieldrin ni miongoni mwa kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutekelezwa 2004, kwa kuwa hulimbikizana katika miili ya wanyama na binadamu. Dawa za sasa huisha nguvu baada ya miaka michache. Isitoshe, kila bomba linalopitishwa sakafuni na kila bustani ya maua inayochimbwa kando ya ukuta huvunja kinga hiyo.

Wakati mwafaka wa ukaguzi ni mara tu mvua zinapoanza, mwezi Machi au Oktoba, kumbikumbi wanapotoka. Magharibi mwa Kenya huo ni msimu wa kitoweo, na hakuna ubaya. Lakini mbawa zikikutwa zimerundikana dirishani kwa ndani ilhali madirisha yalikuwa yamefungwa, basi huenda wadudu hao walitoka humo humo nyumbani.

Mkaguzi stadi hugonga mbao kwa mpini wa bisibisi akisikiliza uwazi, na kusaka vijia vya udongo vyenye unene wa penseli ukutani. Anayedai malipo bila kupanda darini hajakagua chochote.

Pwani kuna tatizo jingine: mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji udongo kamwe. Dawa ya msingi haiwagusi. Dalili yao ni vinyesi vikavu mithili ya chembe za mchanga chini ya kabati au boriti, hivyo kila samani na kila mlango wa kuchonga hauna budi kuchunguzwa peke yake.