Nyumba ya Familia Mbili: Piga Hesabu ya Siku Utakayohama

Wengi wetu hapa Columbus, Ohio, tuna kiwanja nyumbani kabla hatujawa na hata chumba cha kwetu huku. Pesa inatumwa Dodoma, Mombasa au Bukavu, msingi unachimbwa, na wakati huohuo pango la hapa linaingia mfukoni mwa mtu mwingine kila mwezi. Ipo njia ambayo mfanyakazi wa ghala au mhudumu wa wagonjwa anaweza kuifuata naye akawa mwenye nyumba: anunue nyumba ya familia mbili, akae upande mmoja, apangishe wa pili, kisha baadaye ahame na kupangisha pande zote. Njia hiyo ni halali na masharti yake yanajulikana. Mtego wake uko kwenye hesabu.

Mlango wa FHA

FHA ni taasisi ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1934. Yenyewe haikopeshi. Kazi yake ni kuuwekea bima mkopo, ili benki isiogope kumkopesha mtu mwenye akiba ndogo. Mwenye alama za mkopo 580 au zaidi anaweza kununua kwa kianzio cha asilimia 3.5, hata kama nyumba ina sehemu mbili, tatu au nne za kukaa. Sharti ni kwamba uhamie ndani ya siku 60 na uishi hapo angalau mwaka mmoja. Anayenunua ili apangishe tu, bila kukaa mwenyewe, kwa kawaida huombwa kianzio cha asilimia 15 hadi 25. Ndiyo maana mwaka huo mmoja wa kuishi na mpangaji upande wa pili wa ukuta una thamani kubwa.

Mambo mawili yanatugusa sisi hasa. La kwanza ni makaratasi. Tangu tarehe 25 Mei 2025, mkopo wa FHA, isipokuwa kwa wananchi wa nchi chache za visiwa vya Pasifiki, ni wa raia na wenye green card. Aliyeingia kama mkimbizi huruhusiwa kuiomba green card baada ya mwaka mmoja nchini, basi aanzie hapo.

La pili ni fedha za upatu. Benki huuliza kila senti ya kianzio ilikotoka, na fungu la noti lililoingia kwenye akaunti wiki iliyopita huzua maswali. Hata hivyo, mwongozo wa FHA unazitambua fedha za vyama binafsi vya kuweka akiba, mradi chama kiwe na daftari, risiti na uthibitisho wa mweka hazina. Chama kinachoendeshwa kwa mdomo tu kinaweza kumkwamisha mwanachama wake siku ya mkopo. Andikeni.

Kwa wanaokwepa riba, kampuni kama Guidance Residential na Devon Bank ya Chicago hutoa mikataba ya ununuzi isiyo ya riba. Masharti yao si ya FHA, kwa hiyo ulizia kianzio chao na kama wanahudumia jimbo lako.

Hesabu mbili za nyumba moja

Tuseme nyumba inauzwa dola 300,000. Kianzio ni dola 10,500, bila kusahau gharama za kukamilisha ununuzi, ambazo zinaweza kufika maelfu kadhaa. Juu ya mkopo huongezwa ada ya bima ya FHA ya asilimia 1.75. Kwa miaka 30 na riba ya asilimia 6.5, rejesho la mwezi ni kama dola 1,860. Weka kodi ya jengo dola 450, bima ya nyumba 130, na bima ya FHA ya kila mwezi 133. Jumla inakaribia dola 2,575.

Mpangaji analipa dola 1,400. Asilimia 15 ya pango hilo iweke kando kwa matengenezo na kwa miezi ambayo upande huo utakaa mtupu. Zinabaki dola 1,190, kwa hiyo wewe unalala kwa dola 1,385 hivi. Mwaka wa kwanza kila mtu anakusifu.

Sasa umehama. Pande zote mbili zinaleta dola 2,800. Ukitoa asilimia 15 zinabaki 2,380, na malipo ya mwezi bado ni 2,575. Kila mwezi unaongeza karibu dola 195 kutoka kwenye mshahara wako, huku ukilipia pia mahali unapoishi. Nyumba ileile ikinunuliwa kwa dola 270,000, hesabu inasawazika. Tofauti hiyo ya bei ndiyo ya kubishania kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya hapo kilichobaki ni kusubiri pango lipande.

Usiibebeshe hesabu yako matumaini ya thamani kupanda. Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza kiwanda cha mabilioni ya dola hapa jirani, karibu na New Albany, na wengi wakaanza kutazama nyumba za upande huo. Mwaka 2025 kampuni ikasema kiwanda cha kwanza hakitakamilika kabla ya 2030. Aliyenunua kwa kutegemea wafanyakazi wa Intel anaendelea kulipa mkopo bila wao. Thamani ikipanda nayo ina gharama yake: kaunti yetu ya Franklin ilithamini majengo upya mwaka 2023, na baada ya hapo wenye nyumba wengi walipata bili kubwa zaidi ya kodi ya jengo.

Ukishakuwa mwenye nyumba

Katika kaunti kubwa za Ohio, nyumba ya kupangisha husajiliwa kwa mkaguzi wa hesabu wa kaunti. Amana ya mpangaji si yako: akihama, una siku 30 za kuirudisha, na ukikata chochote unamwandikia orodha ya ulichokikata. Kabla ya wewe kuingia upande wake, mpe taarifa ya saa 24, isipokuwa kwa dharura. Asipolipa, usibadili kufuli wala kumkatia umeme. Njia ni mahakama, hata kama mpangaji ni binamu yako.

Tangazo nalo lina sheria. Kwa mujibu wa sheria ya makazi ya mwaka 1968, kuandika "Waswahili tu" au "wasio na watoto" ni kosa, hata kama unaishi upande wa pili wa ukuta.

Kwenye kodi ya mapato kuna nafuu. Thamani ya jengo, bila ardhi, hugawanywa kwa miaka 27.5, na sehemu inayohusu upande uliopangishwa hupunguzwa kwenye mapato kila mwaka. Tunza risiti zote tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali simu, chukua karatasi uandike hesabu ya pili, ile ya pande zote mbili zikiwa na wapangaji nawe ukiwa umehama. Ikikataa, punguza bei au tafuta nyumba nyingine. Mwaka wa kuishi humo unakufungulia mlango wa mkopo, lakini miaka 29 inayofuata ndiyo itakayosema kama ulinunua biashara au mzigo.